Shauri la Nyumba Mpanda: Katumba Yatufundisha Nini?

Wako watu wanaodhani kwamba asiye na makao ni yule tu alalaye barazani pa duka la watu na kujifunika gunia. Sisi hatuyakubali maneno hayo. Katika miji yetu asiye na makao aghalabu ana paa juu ya kichwa chake usiku huu, ila hajui kama atakuwa nalo mwezi ujao. Ni kijana aliyefuata kazi mjini, akawa analala sebuleni kwa shemeji yake pamoja na watoto wanne. Ni muuguzi aliyehamishiwa wilaya ya mbali, akaambiwa na mwenye nyumba kwamba chumba kipo, lakini alipe kodi ya miezi sita mbele, na mshahara wake wa kwanza haujaingia. Ni mama mjane ambaye nyumba yake ya udongo imeangushwa na mvua, na kiwanja alichojengea hakina karatasi yoyote, hata jamaa za marehemu wakapata mlango wa kudai.

Watu wa namna hiyo wako wengi katika mkoa wa Katavi, nao wanaongezeka. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, ulipokatwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ule ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Maana yake katika miaka kumi watu wamezidi mara mbili, na hapana mkoa mwingine katika Tanzania uliokua kwa mwendo huo. Wamekuja wakulima kutafuta ardhi, wamekuja wafugaji na ng'ombe wao, wamekuja wachimbaji wadogo wa dhahabu, wamekuja watumishi wa ofisi za mkoa mpya. Wote wanataka mahali pa kulaza mbavu zao. Na kwa nchi nzima, wakubwa wa wizara ya ardhi na nyumba wamekuwa wakitaja upungufu wa nyumba milioni 3, unaozidi kwa nyumba 200,000 kila mwaka.

Dawa inayotajwa kila mara ni ubia: serikali, mashirika, mabenki na wananchi washirikiane kujenga nyumba za gharama nafuu. Sisi twaunga mkono neno hilo, walakini limesemwa katika semina nyingi hata limepungua ladha. Kila mtu yuko tayari kuwa mbia siku ya kukata utepe. Twataka kuuliza jambo moja tu: katika ubia huo nani analeta nini, na kazi ikiisha nani anabaki na nini mkononi? Kulijibu hilo hatuna haja ya kusafiri mpaka Ulaya. Jibu liko hapa hapa Katavi, katika Katumba na Mishamo, nalo lina umri wa zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1972 nchi jirani ya Burundi iliingia katika msiba mkubwa. Baada ya uasi wa mwezi wa Aprili, serikali ya Michel Micombero iliwageukia raia wake Wahutu na kuwaua kwa maelfu. Waliopona walikimbia, wengi wao wakavuka ziwa na mpaka wakaingia Kigoma, na mikononi hawana kitu ila watoto. Ukitafuta watu wasio na makao katika historia ya nchi yetu, hao ndio wa kwanza kutajwa. Hawakuwa na nyumba, wala shamba, wala nchi.

Tanzania haikuwaacha waishi katika mahema mpakani na kula unga wa msaada milele. Mwaka 1972 yalifunguliwa makazi ya Ulyankulu katika Tabora. Mwaka 1973 yakafunguliwa ya Katumba katika wilaya ya Mpanda. Na Ulyankulu ilipoonekana imewazidi watu, ardhi na maji havitoshi, mwaka 1978 yakafunguliwa ya Mishamo, mbali katika msitu wa Mpanda, na waliohamishwa wakaanza kukata miti kwa mara ya pili.

Kazi hiyo ilifanywa na watatu walioweka mkataba. Wa kwanza ni serikali ya Tanzania, iliyotoa ardhi. Wa pili ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lililotafuta fedha. Wa tatu ni TCRS, shirika la misaada lililoundwa na Walutheri wa ulimwengu mwaka 1964, ambalo lilifanya kazi yenyewe: kufungua barabara porini, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati, kuleta majembe na mbegu. Lakini alikuwako mbia wa nne, ambaye sahihi yake haikutakiwa katika mkataba, naye ni mkimbizi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekata miti, akakanyaga udongo, akafyatua tofali, akaezeka nyasi. Alipewa chakula mpaka shamba lake lilipozaa, na shamba lilipozaa alijilisha. Haikupita miaka mingi Katumba ikawa inauza mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 1978 wafadhili walikabidhi Katumba kwa serikali, na mwaka 1985 wakakabidhi Mishamo.

Twaomba wasomaji watazame vizuri jinsi kazi ilivyogawanywa. Hakuna aliyemjengea mkimbizi nyumba kamili ya saruji na kumkabidhi ufunguo. Kama ingefanywa hivyo, fedha yote iliyopatikana ingemalizika kwa nyumba chache, na maelfu wangebaki porini wakitazama. Ukuta wa udongo mtu maskini anaujua tangu utoto wake. Hahitaji bwana wa kumfundisha. Asichoweza ni kuchimba kisima kirefu peke yake, au kupasua barabara ya maili nyingi, au kupata kipande cha ardhi ambacho hapana mtu atakayemfukuza. Wabia walileta yale yasiyowezekana kwa mikono miwili, na yaliyowezekana kwa mikono miwili wakamwachia mwenyewe. Ndiyo sababu watu wengi sana walipata makao kwa muda mfupi.

Hatusemi kwamba Katumba na Mishamo zilikuwa pepo. Mkaaji hakuwa huru kutoka makazini apendavyo bila ya kibali, na juu yake alikuwako mkuu wa makazi, si mwenyekiti aliyemchagua. Mwanazuoni Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo akifanya utafiti katikati ya miaka ya themanini, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi wakaaji wengi wa huko walivyoendelea kujiita watu wa Burundi walio safarini, japo wamejenga na kupanda. Walikuwa na nyumba, lakini nyumbani kwao walikuhesabu kuwa kwingine. Jambo hilo twalitia maanani. Mtu aliyepewa mahali kwa fadhila, na fadhila hiyo yaweza kuondolewa kwa barua moja, hawezi kupaita mahali pale kwake hata kama kuta amezijenga mwenyewe.

Na kwa kweli barua hiyo iliwajia. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuyamaliza mambo ya wakimbizi wa 1972. Waliohesabiwa katika makazi yale matatu walikuwa wapatao 218,000. Wakaulizwa kila mmoja: wataka kurudi Burundi, au wataka kuwa raia wa Tanzania? Kiasi cha mmoja katika watano wakachagua kurudi. Wengine wote, kiasi cha wanne katika watano, wakasema wataka kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Lilikuwa jambo kubwa la ukarimu, lililostahili sifa iliyotolewa ulimwenguni, kama vile Mwalimu Nyerere alivyostahili nishani ya Nansen aliyopewa mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi.

Lakini liliambatana na sharti. Raia hao wapya walitakiwa kuyaacha makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hapo ndipo ubia ulipokwama. Fedha ya kuwahamisha haikutosha. Mikoa ya kuwapokea haikuwa tayari kwa mashamba, shule wala visima. Na mwaka 2011 zoezi likasimamishwa. Vyeti vya uraia vikabaki makabatini. Watu waliokwisha kuukubali Utanzania wakawa hawana karatasi ya Tanzania, na nyumba walizozijenga wakaambiwa si za kudumu.

Sasa fikirini, ndugu zetu. Ni baba gani atakayechoma tanuru la tofali mwaka 2012 huku akijua kwamba mwaka 2013 huenda atapakiwa katika lori kupelekwa mkoa asioujua? Ni mama gani atapanda mwembe, ambao hauzai mpaka miaka imepita? Ni fundi gani atakopa fedha za mabati? Kwa miaka ile mitatu minne watu zaidi ya laki moja na nusu waliishi mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje. Kuta zilikuwako, visima vilikuwako, mashamba yalikuwako. Kilichokosekana ni neno moja la hakika, na kwa kukosekana neno hilo yote yaliyojengwa na wabia wanne tangu 1973 yakawa kama kibanda cha shambani.

Oktoba mwaka 2014, wakati wa Rais Kikwete, vyeti vikaanza kutolewa, na sharti la kuhama likaachwa. Mwaka uliofuata waliokuwa wakimbizi wakapiga kura kama Watanzania. Sisi twaamini kwamba uamuzi huo ulifaa kuliko mabati yote ambayo yangeweza kugawiwa. Hata hivyo uraia ni jambo moja na ardhi ni jambo jingine. Cheti cha uraia hakisemi shamba lako linaanzia wapi na kuishia wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mwanakijiji aweza kuandikiwa pamoja na mkewe, akairithisha, na penginepo akaiwekea mkopo. Kazi iliyoanzishwa na wabia mwaka 1973 haikamiliki mpaka kila kaya ya Katumba na Mishamo imepimiwa na kuandikiwa, nayo yawahusu pia majirani zao wa vijiji vya asili, maana mipaka isiyopimwa ndiyo mama wa ugomvi.

Tumeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu mji wa Mpanda wenyewe wakabiliwa na shauri lile lile, ijapokuwa watu wake hawakufukuzwa na vita. Mpanda ni mji uliokuzwa na mgodi. Baada ya vita vya pili vya dunia ilijengwa reli kutoka Kaliua kuufuata mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira, na mwaka 1960 mgodi huo ukafungwa. Reli ikabaki, mji ukabaki. Wafanyakazi wote wapangao wanajua funzo la migodi: nyumba ya mwajiri ni yako maadamu kazi ni yako, siku kazi ikikoma, ufunguo unarudi.

Katika siku za karibu zaidi Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962 mara tu baada ya Uhuru, lilifika Mpanda na kujenga nyumba za gharama nafuu katika Ilembo. Halikukosea kufika, mashirika mengi ya ujenzi hayavuki Morogoro. Lakini neno hili "nafuu" yafaa tulipime kwa mshahara, si kwa tangazo. Shirika lenyewe limelalamika miaka na miaka kwamba hulazimika kulipia barabara, maji na umeme wa mtaa mzima, kazi ambazo ni za mamlaka nyingine, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gharama hizo zote mwisho wake humwangukia mnunuzi.

Tufanye hesabu, maana wafanyakazi hawapendi maneno matupu. Tuseme nyumba ndogo inauzwa shilingi milioni 30, na mtumishi anakopa benki fedha yote kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 15. Riba hiyo si ya juu kwa mikopo ya nyumba ya nchi yetu. Wako watozao zaidi. Kila mwezi atalipa kiasi cha shilingi 420,000. Akimaliza, atakuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 75 kwa nyumba ya milioni 30. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa serikali kilichotangazwa siku ya Mei Mosi 2025, cha kuanza Julai mwaka ule, ni shilingi 500,000. Toa 420,000, zinabaki 80,000 za kula, kuvaa na kusomesha. Tena utaratibu wa serikali hauruhusu mshahara ukatwe hata kubaki chini ya theluthi moja, kwa hiyo mkopo wenyewe hataupata. Huyo ni mwenye mshahara wa hakika. Sembuse mchuuzi wa sokoni na mpiga debe wa stendi, ambao benki haiwajui hata kwa jina.

Basi njia gani? Sisi twaona njia ni kuirudia Katumba, ila safari hii yule mbia wa nne atie sahihi yake. Wala jambo hili halijapata kukosa wa kulijaribu. Dar es Salaam, mamia ya kaya za Kurasini zilibomolewa nyumba ili bandari ipanuliwe. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji walibaki mikono mitupu. Baadhi yao, wapangaji kwa wenye nyumba, hawakukaa kulia. Waliungana katika vikundi vya kuweka akiba, wakaunda ushirika wa nyumba, na kwa msaada wa mashirika ya kiraia na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ardhi wakanunua ekari 30 huko Chamazi, wilaya ya Temeke. Wakafyatua tofali zao wenyewe, zile za kufungamana zisizotaka saruji nyingi, na nyumba zikasimamishwa kidogo kidogo: kwanza chumba na choo, kisha chumba kingine kipato kikiruhusu. Mambo hayakwenda kwa haraka, na fedha za kukopa zilikuwa shida yao kubwa. Lakini mpangaji wa Kurasini ambaye sheria ya fidia haikumwona alipata kiwanja.

Na Mpanda waweza. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yawaruhusu watu kuungana kwa ajili ya makazi kama waunganavyo kwa ajili ya tumbaku, na wakulima wa Katavi hawahitaji kufundishwa ushirika ni kitu gani. Wafanyakazi 50 wa hospitali, shule, reli na soko, kila mmoja akiweka shilingi 20,000 kwa mwezi, hupata shilingi milioni 12 kwa mwaka. Fedha hiyo haijengi nyumba 50, twajua. Lakini yaweza kuanza kulipia ardhi na upimaji, na upimaji ndio mlango. Manispaa nayo, badala ya kuuza viwanja kimoja kimoja kwa mwenye fedha nyingi, ambaye mara nyingi hukiacha kiote nyasi akingoja bei ipande, itenge eneo zima kwa ajili ya vyama vya namna hiyo, ilipwe kwa awamu, na iandike katika mkataba kwamba asiyejenga kwa miaka kadhaa anarudisha. Shirika la Nyumba la Taifa lilipata kugawia vikundi vya vijana wa halmashauri mashine za kufyatulia tofali za kufungamana. Twauliza kwa heshima: zile za halmashauri zetu ziko wapi, na zafanya kazi? Kama ziko ghalani, mahali pake ni kwenye eneo la ushirika.

Waajiri wasije wakajiona wako nje ya shauri hili. Mwajiri anayekubali kukata akiba ya nyumba katika mshahara na kuipeleka ushirikani bila ya kuchelewa amefanya kazi kubwa bila ya kutoa senti yake. Mamlaka za maji na umeme nazo zikijulishwa mapema ramani ya mtaa mpya, bomba na nguzo hutangulia nyumba. Zikijulishwa nyuma, mwananchi hubomolewa ukuta kupisha bomba. Mambo haya si makubwa. Yanataka watu waketi meza moja kabla ya msingi kuchimbwa.

Neno la mwisho ni juu ya wale wasioweza hata shilingi 20,000: wazee wasio na mtu, wajane, walemavu. Hao wasiambiwe wajiunge na ushirika kisha wafukuzwe kwa kukosa ada. Katika kila viwanja 50 vitengwe vichache kwa ajili yao, na wanachama wawajengee kwa zamu, kama vijiji vyetu vilivyofanya siku zote kwa mtu aliyeunguliwa na nyumba. Hati iandikwe kwa jina la yule mjane mwenyewe. Isiandikwe kwa jina la mwanawe, wala la shemeji, wala la ofisi.

Mvua za Katavi huanza kuelekea mwezi wa Novemba, na tofali hazifyatuliwi katika mvua. Baraza la madiwani likikubali kutenga eneo wakati wa kiangazi, wapima waweza kupita na vigingi vyao kabla ya nyasi kuota, na matanuru ya kwanza yakawashwa kiangazi kinachofuata.